Jamestown, Virginia: nendeni, ila mkifika ulizeni mahindi yalitoka wapi

Wadau, nimeulizwa mara nyingi kama Jamestown, yale makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko Amerika, inafaa hela na muda, hasa na watu wanaoishi pande za Washington DC na Virginia kwenyewe wanaotafuta pa kupeleka watoto wikiendi. Inafaa, tena sana, ila inategemea unaanzia wapi na unatafuta nini, kwa sababu ukienda kuangalia tu meli na bunduki utarudi na nusu ya stori, na ile nusu nyingine ndo muhimu, ile ya watu waliokuwepo pale kabla hata meli ya kwanza haijaonekana mtoni.

Kwanza kabisa sehemu ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Kuna Jamestown Settlement, hii ni makumbusho ya jimbo, ina majumba ya maonyesho ndani na nje kuna meli za mfano, boma la mfano na kijiji cha wenyeji kilichojengwa upya. Halafu kuna Historic Jamestowne, hiki ndo kisiwa chenyewe, ardhi halisi Waingereza walipoweka kambi Mei 1607, kinasimamiwa na idara ya hifadhi za taifa kwa kushirikiana na shirika la Preservation Virginia. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi sana wa gari lakini tiketi ni tofauti, na kama una ile pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa pale kisiwani inakulipia upande wa hifadhi tu, upande wa Preservation Virginia unatoa hela yako, kwahiyo usifike getini ukidhani unaingia bure. Bei zinabadilika, angalia kwenye tovuti zao kabla hujatoka.

Mimi nakushauri anza na Settlement halafu ndo uende kisiwani. Na anza na kile kijiji, usikimbilie meli. Kimejengwa kwa mfano wa kijiji cha Wapaspahegh, hao ndo wenye ardhi ile boma lilipojengwa, walikuwa moja ya makabila kama 30 hivi yaliyokuwa chini ya mtawala mkuu Wahunsenacawh ambaye Waingereza walimuita Powhatan, na nchi yao yote waliiita Tsenacommacah. Nyumba zake ni ndefu, fito zimekunjwa juu kama upinde halafu zimefunikwa mikeka ya matete, ukiingia ndani unashangaa palivyo pakubwa. Wafanyakazi wa pale wanakuonyesha kazi kwa mikono: ngozi ya kulungu inavyolainishwa kwa ubongo wa mnyama, mtumbwi unavyochongwa kwa moto, unawasha gogo linaungua taratibu kisha unakwangua mkaa kwa gamba la chaza, unawasha tena, unakwangua tena. Na kuna kinu na mchi vya mti vya kutwangia mahindi ambavyo Mswahili yeyote akiviona hahitaji maelezo. Watoto wanaruhusiwa kugusa na kujaribu, na hapo ndo wanaelewa kwamba hawa walikuwa watu wenye mashamba, wenye mipaka, wenye kodi, maana kila kabila lilipeleka mahindi, ngozi na shaba kwa mtawala mkuu. Ilikuwa dola kamili yenye watu wanaokadiriwa kama 14,000 hivi au zaidi, na wageni waliposhuka melini walikuwa wanaume na wavulana 104 tu.

Hapo sasa ndo nataka ubebe swali moja utembee nalo siku nzima: hawa 104 walikula nini? Kila kibao unachosoma, kila kitu kilichoko kwenye kioo, kiulize hilo. Mimi nimezunguka pale na swali hilo na likanifungulia mambo ambayo hakuna filamu wala kitabu cha shule kiliwahi kunieleza vizuri.

Maana angalia. Kampuni ya Virginia ya London, iliyopewa hati na mfalme James I mwaka 1606, haikuwatuma watu wale kulima. Ilikuwa biashara ya wanahisa, walitaka dhahabu, walitaka njia ya kwenda bahari ya magharibi, na chakula mpango ulikuwa wabadilishane na wenyeji kwa shaba, shanga na zana za chuma. Wengi waliokuja walikuwa mabwana ambao hawajawahi kushika jembe. Kisiwa walichochagua ni kinamasi, maji yake yana chumvi chumvi, wenyeji wenyewe walikuwa hawakai hapo. Na juu ya yote walifika katikati ya ukame mbaya, wanasayansi wamesoma pete za miti ya kale ya eneo lile wakakuta miaka ya 1606 mpaka 1612 ndo ilikuwa mikavu kuliko kipindi kingine kama hicho kwa karibu miaka 800. Kwahiyo fikiria, wewe ni Mpaspahegh, mvua hakuna, ghala lako limepungua, na hapo jirani kuna watu wana bunduki wanakuja kila wiki kutaka mahindi. Mwanzoni unawapa, kwa sababu ni wageni na unaitaka shaba yao. Halafu shaba inazidi kuwa nyingi thamani inashuka, wao hawapunguzi kuomba, na wakinyimwa wanachukua kwa nguvu. Captain John Smith, mmoja wa viongozi wa walowezi, alikuwa hodari wa hilo, alipita mto kwa mto akinunua mahindi na pale alipokataliwa alitisha kwa silaha.

Ukifika kisiwani haya yote unayaona kwa macho. Kwa muda mrefu watu waliamini boma la kwanza limeshamezwa na mto James, mpaka wanaakiolojia wakiongozwa na William Kelso walipoanza kuchimba mwaka 1994 wakakuta alama za magogo ya boma bado ziko kwenye udongo. Mpaka leo wanachimba, na hiki ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote, unasimama kwenye kamba hatua chache kutoka kwa mtu anayekwangua udongo kwa mwiko na ukimuuliza anakujibu, tena anakujibu kwa kirefu, anakuonyesha rangi ya udongo ilipobadilika na kwa nini. Huduma ya namna hiyo ni adimu. Kama una mtoto anayeuliza maswali mengi mpeleke hapa hata kama hamtaona kingine chochote.

Jumba lao la maonyesho linaitwa Archaearium, na humo ndani nenda taratibu. Kuna vipande vya shaba vilivyokatwa kwa ajili ya kubadilishana, kuna vyungu vya wenyeji vilivyochimbwa NDANI ya boma, vingi tu, ambavyo vinakwambia kwamba chakula kilikuja mpaka mlangoni na inawezekana kabisa kulikuwa na wanawake wa Kipowhatan wanapika humo ndani. Hakuna hotuba inayoweza kushinda chungu. Halafu unafika kwenye sehemu ya msichana waliyempa jina Jane. Alikuwa Muingereza wa miaka kama 14, mifupa yake ilipatikana kwenye chumba cha zamani cha chini ya ardhi pamoja na mifupa ya farasi na mbwa, na mwaka 2013 walitangaza kwamba alama za visu kwenye fuvu lake zinaonyesha aliliwa baada ya kufa. Ni majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, wenyeji walikuwa wamelizingira boma na kukata biashara ya mahindi, watu kama 300 waliingia kwenye njaa ile na wakatoka kama 60. Wenye watoto wadogo, sehemu hii ipo upande wake, unaweza kuipita.

Mimi nilisimama hapo muda mrefu. Inauma kwa ajili ya yule binti ambaye hakuchagua chochote. Lakini usiishie hapo, maana watalii wengi wanaishia hapo wanatoka wanasema maskini walowezi. Kilichofuata miezi michache baadaye ni hiki: Agosti 1610, baada ya meli za msaada kufika na gavana mpya, George Percy, ofisa wa koloni, alipelekwa na askari kwenye mji wa Wapaspahegh, wakaua watu, wakachoma nyumba, wakafyeka mahindi shambani, wakamchukua mke wa mtemi pamoja na watoto wake. Njiani kurudi wale watoto walitupwa mtoni wakapigwa risasi wakiwa majini, na mama yao akauawa baadaye kwa upanga. Hii siyo tetesi, Percy mwenyewe aliandika. Miaka michache tu baada ya kuwakaribisha wageni Wapaspahegh wakawa hawapo tena kama kabila. Kile kijiji kizuri ulichokiona asubuhi kule Settlement ndo cha watu hawa hawa, ndo maana nasema anza kule, ili ukifika kisiwani ujue nani amekosekana.

Sanamu ya Pocahontas, binti wa Wahunsenacawh, ipo hapo kisiwani, ya shaba, mikono yake inang'aa kwa kushikwa na watalii. Foleni ya picha haikosekani. Nguo aliyovalishwa siyo ya watu wake, ni ya mtindo wa makabila ya mbali huko nyanda za magharibi, na hilo linanikera kwa sababu nguo za Wapowhatan zinajulikana na unaziona zimeonyeshwa vizuri kwingineko. Stori yake nayo ichunguze kwa swali lile lile. Mwaka 1607 alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Mwaka 1613 Captain Samuel Argall alimteka kwa hila, na walichokidai kwa baba yake ili aachiwe kilikuwa ni mateka wa Kiingereza, silaha zilizochukuliwa, na mahindi. Mahindi tena! Akabatizwa Rebecca, akaolewa na mlowezi John Rolfe Aprili 1614, akapelekwa London mwaka 1616 ili Kampuni ipate wawekezaji, na Machi 1617 akafia Gravesend akiwa ndo anaanza safari ya kurudi, binti wa miaka 20 na kitu. Ukishajua hivyo huwezi kupiga picha unacheka.

Na mume wake Rolfe ndo alibadilisha kila kitu, kwa zao lingine. Tumbaku. Alijaribu mbegu za kutoka visiwa vya Karibi, zikakubali, na mwaka 1617 koloni likapeleka Uingereza kama ratili 20,000. Tumbaku inachosha udongo haraka, baada ya mavuno machache unahitaji shamba jipya, na mashamba yaliyokwisha kusafishwa tayari yalikuwa ya nani? Ya wenyeji, kando ya mito, udongo mzuri, hakuna visiki. Kuanzia 1618 Kampuni ikaanza kutoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye nauli yake imelipwa kuja Virginia, ukilipia watu kumi unapata ekari 500, kwahiyo tajiri akawa anakusanya ardhi kwa kuleta vibarua. Hapo ndo koloni lilipoacha kuwa kambi yenye njaa likawa mashine ya kula ardhi. Mpaka pale vita vilikuwa vya kugombea magunia, sasa vikawa vya kugombea shamba lenyewe.

Hapa niseme kidogo kuhusu watembezaji. Wa Settlement na wa kisiwani niliokutana nao walikuwa wazuri, wanajua kazi. Ila kuna kampuni binafsi za matembezi zinazochukua watu kwa basi, na moja ambayo sitaitaja ilitupa mtu aliyetuambia kwamba eneo lote lilikuwa pori tupu ambalo Waingereza walilifungua kwa jasho lao. Alirudia zaidi ya mara moja. Watu kwenye basi wakatikisa kichwa kukubali, wakati hatua chache mbele kuna jumba limejaa vyungu. Kama mtembezaji wako anaongea hivyo shuka, jitembelee mwenyewe, vibao vya kisiwani vinatosha na ziara za pale pale zinaelekeza vizuri kuliko huyo.

Kuhusu Waafrika, na hili najua wengi mnalisubiri. Mwisho wa Agosti 1619 meli ya White Lion ilifika Point Comfort, leo ni Hampton, ikiwa na Waafrika 20 na kitu waliotekwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Angola, wakabadilishwa kwa chakula. Narudia, kwa chakula. Kisiwani wamechimba eneo la nyumba ya Captain William Pierce ambapo sensa ya 1625 inamtaja mwanamke Mwafrika kwa jina la Angela, aliyekuja kwa meli ya Treasurer. Simama pale. Hakuna mengi ya kuona juu ya ardhi lakini mtu mwenye jina kabisa aliishi hapo. Na kule Settlement majumba yao ya ndani yanaonyesha dunia tatu kwa pamoja, Wapowhatan, Waingereza na watu wa Ndongo huko Angola pamoja na habari za malkia Njinga, nilifurahi kwa kweli kuona Afrika inaanza ikiwa na falme na siyo ikiwa na minyororo.

Sasa mwaka 1622. Opechancanough, ndugu wa Wahunsenacawh aliyekuja kushika uongozi, aliona tumbaku inavyopanda mto kila msimu, na tarehe 22 Machi wapiganaji wake wakashambulia makazi ya walowezi kwa siku moja, walikufa 347. Vibao vingi vya zamani vilivyotapakaa Virginia vinaiita mauaji ya kinyama na kuishia hapo. Kilichofuata ni kwamba Waingereza wakaamua kuwaacha wenyeji wapande mahindi kwa amani, wasubiri yakomae, halafu wakachome. Mwaka baada ya mwaka. Mei 1623 wakaita kikao cha amani wakawanywesha wageni wao mvinyo wenye sumu. Mfalme akaichukua koloni kutoka kwa Kampuni mwaka 1624 maana biashara ilishafilisika na sensa ya mwaka uliofuata ikakuta Waingereza kama 1,200 tu hai kati ya maelfu waliokwisha kuletwa, lakini meli hazikuacha kuja na hiyo ndo ilikuwa tofauti, mmoja akifa analetwa mwingine, wakati Mpowhatan akifa kwa risasi au kwa ugonjwa hakuna meli. Opechancanough alijaribu tena 1644 akiwa mzee sana, akakamatwa, na mwaka 1646 mlinzi akampiga risasi mgongoni akiwa mfungwa hapo hapo Jamestown. Mkataba wa mwaka huo ukawapa Waingereza ardhi yote kati ya mto James na mto York, na mwenyeji aliyetaka kupita humo kupeleka ujumbe ilibidi avae vazi maalum la mistari. Kwenye ardhi ya babu yake.

Mambo ya kawaida haraka haraka: viatu vya kutembelea, dawa ya mbu kuanzia mwisho wa masika maana ni kinamasi kweli, maji ya kunywa. Majira ya joto jua ni kali na kisiwani kivuli hakipo kila mahali. Kibanda cha vioo pale Glasshouse ni kizuri, wanapuliza vioo mbele yako. Barabara ya Colonial Parkway inayounganisha Yorktown, Williamsburg na Jamestown, maili 23, haina malori wala mabango, endesha polepole. Na kivuko cha kwenda ng'ambo ya mto, sehemu inayoitwa Scotland hapo hapo Virginia, ni BURE na kinabeba magari, pandeni hata kama hamna shida huko, ukiwa katikati ya mto unaziona zile meli za mfano zilivyo ndogo na unashangaa watu walivukaje bahari ndani yake. Halafu usichelewe miaka mingi kwenda, kisiwa kinaliwa na maji, mafuriko yanaingia mpaka kwenye maeneo ya uchimbaji na mwaka 2022 kiliwekwa kwenye orodha ya sehemu za kihistoria zilizo hatarini zaidi Marekani.

Alama: kisiwa nakipa 5 kati ya 5, hasa kwa wanaakiolojia wanaoongea na watu. Settlement 4 na nusu, kile kijiji peke yake kinastahili nauli.

Lakini usimalizie safari hapo. Kama una gari tenga siku uende wilaya ya King William, kama saa moja hivi kutoka Jamestown, kwa Wapamunkey, moja ya makabila yale ya Wahunsenacawh. Wapo. Wako kwenye ardhi yao kando ya mto unaoitwa kwa jina lao, kama ekari 1,200 zilizobaki. Malkia wao Cockacoeske aliweka saini mkataba wa 1677 na Waingereza, na mpaka leo kila mwaka kabla ya sikukuu ya Thanksgiving wao na Wamattaponi wanapeleka kulungu kwa gavana wa Virginia kutimiza mikataba ile, upande wao hawajawahi kuuvunja. Serikali kuu iliwatambua rasmi mwaka 2015, na makabila mengine sita ya Virginia yakatambuliwa Januari 2018 kwa sheria ya bunge. Sababu ya kuchelewa hivyo ni pamoja na sheria ya Virginia ya 1924, ambapo msajili wa jimbo Walter Plecker alikuwa anafuta neno Indian, yaani mwenyeji wa Amerika, kwenye vyeti vya kuzaliwa na kuwaandika watu kama weusi, kwahiyo walipoambiwa walete makaratasi ya ukoo, makaratasi yalikuwa yameshaharibiwa na serikali hiyo hiyo.

Makumbusho yao ni madogo, mtamaliza mapema kuliko kule kwingine, lakini vyungu vinafinyangwa na wanawake wa kabila lenyewe na unaweza kununua, hela inabaki kwao. Pigeni simu kwanza kujua kama kumefunguliwa siku hiyo, na mkifika muwe na adabu, hapo ni nyumbani kwa watu, msipige picha nyumba zao. Werowocomoco, makao makuu ya Wahunsenacawh kule Gloucester alikopelekwa John Smith akiwa mateka, hifadhi za taifa walilinunua eneo lake mwaka 2016 ila kwa kawaida haliko wazi kwa wageni, kwahiyo msiliweke kwenye ratiba.